VITAMINI NA NGUVU ZA MWILI: YALIYOWAPATA ASKARI WA MOGADISHU NA YATUHUSUYO SISI WA DUBAI

Na Wahariri



Mwezi Aprili mwaka 2009 askari wa Umoja wa Afrika waliokuwa wakilinda amani mjini Mogadishu walianza kuvimba miguu. Walikuwa vijana wa Uganda na Burundi, watu wa mazoezi, katika jeshi lililokuwa na vifaa vya kisasa. Pamoja na uvimbe huo yalikuja maumivu ya kifua, pumzi kukatika, moyo kwenda mbio, kichefuchefu na kuumwa kichwa. Kufikia mwezi Julai habari zilikuwa zimelifikia Shirika la Afya Duniani, nazo zilieleza kwamba kumezuka maradhi yasiyojulikana na kwamba tayari yameua. Hadi tarehe 1 Mei 2010 waliohesabiwa kuugua walikuwa askari 241. Wanne miongoni mwao walifariki. Wasiopungua 52 walichukuliwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda.

Madaktari waliowapokea walifanya kama inavyopasa. Walipima damu wakitafuta vijidudu, hawakuviona. Walitafuta sumu, kwa kuwa katika vita kila mtu huwaza sumu kwanza, nayo haikuonekana. Wagonjwa 31 waliolazwa nchini Kenya walichunguzwa mioyo, na wanne kati yao walikutwa upande wa kulia wa moyo umeshindwa kusukuma damu. Moyo wa kijana kushindwa kazi bila kijidudu wala sumu iliyothibitika, hilo lilikuwa fumbo.

Ndipo wachunguzi walipoacha maabara kidogo wakaenda kuuliza maswali ya jikoni. Waliwalinganisha askari walioumwa na askari wazima, wakawauliza wamekula nini na wamekula wapi. Jawabu lilijitokeza: waliougua zaidi ni wale waliokula chakula kilicholetwa na jeshi peke yake, wasiopata kuonja cha kununua mjini. Hali kadhalika waliougua zaidi ni wale waliokaa mahali pa hatari kubwa, ambako risasi zilirindima kila siku. Dalili zote zililingana na ugonjwa wa kale ambao wengi walidhani umekwisha kuwa historia, yaani beriberi, ile ya majimaji ishambuliayo moyo na kuvimbisha mwili. Wagonjwa wakapewa vitamini B1, iitwayo thiamini. Uvimbe ukanywea kwa haraka ya kushangaza. Kisha askari wazima nao wakagawiwa vitamini hiyo. Wagonjwa wapya wakapungua, na hakuna kifo kingine kilichoripotiwa.

Tumeichagua habari hii kwa makusudi. Wako ndugu zetu wengi hapa Dubai ambao, kama wale askari, hula kile waletewacho au kile kilicho rahisi, siku baada ya siku, kwa miezi. Tumefika katika vyumba vya wafanyakazi kule Sonapur na Al Quoz, na katika vyumba vya kupangisha kwa kitanda huku Deira, na sufuria tuliyoikuta ni ile ile: wali mweupe, mchuzi mwepesi wa nyanya, na chupa ya chai. Asubuhi ni chai ya karak yenye maziwa ya kopo na sukari, pamoja na porota ya unga mweupe. Mchana ni wali. Usiku ni wali uliobaki, au mkate mweupe kwa soda. Mtu hujibana hivyo ili fedha zifike nyumbani, na hatumlaumu hata kidogo. Lakini huwa twamsikia akisema, "Nala nashiba, mbona sina nguvu?" Swali hilo lina jawabu.

KUSHIBA SI KUPATA NGUVU

Wanga uliomo katika wali, ugali na mkate, ukishasagwa tumboni, huwa sukari iitwayo glukosi. Glukosi ndiyo kuni ya mwili. Walakini kuni haziwaki kwa kurundikwa jikoni. Ndani ya kila chembe ya mwili mna vitu viitwavyo vimeng'enya, navyo ndivyo vifanyavyo kazi ya kuivunja glukosi hatua kwa hatua, hata nguvu yake itolewe kidogo kidogo bila kuuunguza mwili wenyewe. Kimeng'enya ni protini, na kila kimoja kina kazi yake maalumu, kama mafundi wa jahazi: huyu wa mbao, huyu wa kalafati, huyu wa tanga.

Sasa, vimeng'enya vingi haviwezi kazi peke yao. Vyahitaji kisaidizi, kitu kidogo ambacho si protini, kishikacho kile kinachofanyiwa kazi au kichukuacho kilichoondolewa. Fundi bila randa ni fundi bado, ila ubao hautakuwa laini. Visaidizi hivyo mwili wetu hutengeneza vingi vyake kutokana na vitamini za kundi la B. Hii ndiyo maana ya vitamini hizo. Zenyewe si chakula cha nguvu. Kidonge cha vitamini hakina nguvu ndani yake hata chembe, na matangazo yasemayo kwamba kidonge "huongeza nguvu" kwa mtu asiyepungukiwa ni ya kuuzia vidonge. Vitamini ni vyombo vya kazi vya fundi. Asiye navyo hawezi kuitumia nguvu iliyo tele ndani ya chakula chake.

Tuitazame safari ya glukosi kwa mfano wa Khor, huku kwetu Deira, ambako majahazi bado hupakia na kupakua. Sehemu ya kwanza ya safari ni kama kushusha shehena gatini. Glukosi moja hukatwa vipande viwili viitwavyo piruveti. Hapo nguvu ipatikanayo ni haba. Kisaidizi kikuu cha sehemu hii huitwa NAD, nacho hutokana na niasini, ambayo ni vitamini B3. Kisha piruveti hupaswa kuingia katika ghala, yaani vile vijumba vidogo ndani ya chembe viitwavyo mitokondria, ambako ndiko nguvu nyingi itolewako kwa msaada wa oksijeni.

Mlangoni mwa ghala amesimama mlinzi mmoja. Ni kundi kubwa la vimeng'enya lijulikanalo kwa jina la piruveti dihaidrojenesi, na jina lake refu lisiwatishe. La kukumbuka ni kwamba mlinzi huyu hafungui mlango pasipo visaidizi vitano. Cha kwanza hutokana na thiamini. Cha pili huitwa asidi lipoiki, ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Cha tatu hutokana na asidi ya pantotheni, nayo ni vitamini B5 ipatikanayo karibu katika kila chakula. Cha nne hutokana na riboflavini, vitamini B2. Cha tano ni ile NAD tuliyokwisha kuitaja. Madini ya magnesi nayo yahitajika ili kisaidizi cha thiamini kikae mahali pake. Kikikosekana kimoja tu, mlango haufunguki vyema, hata kama vile vingine vinne vimejaa tele.

Thiamini ikipungua, basi, shehena hurundikana gatini. Piruveti hukosa pa kwenda, nayo hugeuzwa kuwa asidi laktiki, na damu huwa chachu. Ndani ya ghala kwenyewe, katika ule mzunguko uliofafanuliwa na Hans Krebs mwaka 1937, kuna mlinzi mwingine anayedai visaidizi vile vile vitano, naye pia hukwama. Hapo viungo vitumiavyo nguvu nyingi bila kupumzika ndivyo viumiavyo kwanza: moyo usiolala, na mishipa ya fahamu iendayo mpaka vidoleni. Kwa hiyo beriberi ina sura mbili. Ile ya majimaji huvimbisha miguu na kuuchosha moyo. Ile kavu huanza kwa ganzi na kuwaka nyayoni, ndama za miguu zikauma, kisha mtu akashindwa hata kuchuchumaa na kuinuka. Kuna na ya tatu, ishikayo ubongo, ambapo macho hucheza, miguu hupepesuka na akili huvurugika; hiyo huwapata zaidi walevi wa kupindukia na watu waliotapika kwa muda mrefu, wakiwemo baadhi ya wajawazito.

Jambo hili la mlango kufungwa lilionyeshwa wazi na Rudolph Peters pale Oxford katika miaka ya 1930. Aliwalisha njiwa mchele mweupe hata wakaugua, akapima bongo zao, akaona zimeshindwa kuitumia oksijeni ipasavyo na asidi zimejaa. Alipotia thiamini kidogo sana katika chombo, ubongo ule ule ulirudi kazini. Mwaka 1937 wanasayansi Lohmann na Schuster walikitambua kisaidizi chenyewe: ni thiamini iliyofungamana na fosfeti mbili.

Kwa elimu hiyo ndivyo damu ya wale askari wa Mogadishu ilivyothibitisha jambo. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria, lakini zina kimeng'enya kingine kitegemeacho thiamini, kiitwacho transketolesi. Mpimaji huipima kasi yake kama ilivyo. Halafu hutia kile kisaidizi cha thiamini na kupima tena. Ikiwa mtu hakuwa na upungufu, kasi haibadiliki sana, kwa maana kila fundi alikuwa na chombo chake. Ikipanda mno, aghalabu kwa zaidi ya robo, basi ni ushahidi kwamba mafundi walikuwa wamekaa bure, mikono mitupu. Damu ya askari 16 iliyochukuliwa kabla hawajatibiwa ilionyesha kupanda huko.

KUKU WA BATAVIA

Wazee wetu walitwanga mpunga kwa mchi na kinu, wakapepeta, kumvi zikaenda zake, na mchele ukabaki na rangi ya udongo kidogo kwa sababu sehemu ya wishwa ilisalia mwilini mwake. Vinu vya mashine vilipoenea Asia katika karne ya 19, watu walipata mchele mweupe kama lulu, wakaupenda, nao ukadumu ghalani bila kuoza. Beriberi ikafuata nyuma yake. Meli ya kivita ya Wajapani iitwayo Ryujo ilifunga safari ndefu mwaka 1882 hadi 1883 ikiwa na watu 376. Waliougua beriberi ni 169, na 25 wakafa. Daktari wa jeshi la majini, Takaki Kanehiro, akashauri chakula kibadilishwe, na mwaka 1884 meli ya Tsukuba ikapita njia ile ile ikiwa na nyama, maziwa na nafaka nyingine. Hakuna aliyekufa kwa beriberi.

Takaki alidhani kilichokosekana ni protini. Aliyekaribia ukweli zaidi ni Christiaan Eijkman, daktari Mholanzi aliyekuwa Batavia, mji ambao leo ni Jakarta. Kuku wake wa majaribio walishikwa na udhaifu wa miguu, kisha wakapona ghafla, naye hakujua kwa nini. Akagundua kwamba kwa miezi kadhaa walikuwa wakilishwa makombo ya wali mweupe wa hospitali ya jeshi, hata akaja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku wa kiraia chakula cha askari. Waliporudishiwa mchele wenye wishwa wakapona. Nasi twafurahi kuona kwamba ubahili wa mpishi mmoja ulileta elimu. Tena twakumbuka kwamba huko kwetu wishwa ndiyo tuliyowatupia kuku uani, kisha sisi tukaenda kula wali mweupe. Eijkman alipewa Nishani ya Nobel mwaka 1929. Mwenzake Gerrit Grijns ndiye aliyesema wazi mwaka 1901 kwamba ugonjwa huu ni wa kukosa kitu fulani kilichomo chakulani, si wa kuwamo sumu; na Casimir Funk, Mpolandi aliyefanya kazi London, akakiita kitu cha namna hiyo "vitamine" mwaka 1912. Thiamini halisi ilipatikana ikiwa safi mwaka 1926, huko huko Batavia, na Jansen na Donath, na Robert Williams akaitengeneza katika maabara Marekani mwaka 1936.

Tangu hapo watu wakadhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Mwaka 2003 huko Israeli, maziwa ya watoto yaliyotengenezwa kwa soya yalikutwa hayana thiamini ya kutosha, na watoto wachanga wakafa. Mwaka 2004 beriberi ya watoto wachanga ilizuka Mayotte, kisiwa cha ndugu zetu wa Ngazija na Nzuwani, ambako wali mweupe ndio chakula kikuu. Mtoto anyonyaye hupata thiamini yake yote katika maziwa ya mamaye; mama akiwa hana, mtoto hana. Dalili zake hupotosha: mtoto hutapika, hukataa ziwa, sauti yake ya kulia hukauka mpaka hulia bila kusikika, kisha moyo hushindwa kwa ghafla. Kina mama wa jamii yetu wanaojifungulia hapa, mbali na shangazi na bibi wa kuwapikia, hatuna budi kuwaangalia kwa macho mawili katika siku zao arubaini. Mama anyonyeshaye ahitaji miligramu 1.4 za thiamini kwa siku, na chai ya rangi kwa mkate mweupe haimpi hata nusu yake.

HESABU YA SAHANI

Mwanamume mzima ahitaji kiasi cha miligramu 1.2 kwa siku, na mwanamke 1.1. Gramu 100 za mchele mweupe usiopikwa, ambao haukuongezwa kitu kiwandani, zina takriban miligramu 0.07. Chukua mtu alaye nusu kilo ya mchele kwa siku, na fundi wa ujenzi huimaliza bila taabu: amepata miligramu 0.35, tena kabla ya kuuosha mchele mara tatu na kumwaga maji, jambo ambalo huondoa sehemu nyingine. Hajafikia hata theluthi. Na hapo ameshiba barabara, kwa kuwa nusu kilo ile imempa nishati ya kilokalori 1,800. Mchele usiokobolewa wa uzito ule ule ungempa kiasi cha miligramu 2.

Jambo baya zaidi ni kwamba kadiri mtu alavyo wanga na sukari nyingi, ndivyo mahitaji yake ya thiamini yazidivyo, kwani shehena zaidi yahitaji makuli zaidi. Sukari ya karak na ya soda huleta mzigo na haileti kuli hata mmoja. Kazi ngumu nayo hutumia wanga mwingi, na hapa twafikiri ndipo ilipo sababu mojawapo ya wale askari wa mstari wa mbele kuugua kuliko wenzao, mbali na kwamba wao ndio wasioweza kutoka kwenda sokoni. Mwili mzima una akiba ya miligramu 25 hadi 30 hivi, nayo huanza kuisha baada ya majuma machache. Si kama vitamini A, ambayo ini huweza kuihifadhi kwa miezi mingi.

Kuna pia vitu viiharibuvyo thiamini baada ya kuipata. Magadi ni kimojawapo. Wapishi wetu wengi hutia magadi katika maharage na kunde ili ziive upesi, na magadi hayo huiua thiamini chunguni. Afadhali kuziloweka usiku kucha. Chai nyeusi yenye ukali, ikinywewa pamoja na chakula, nayo huipunguza, na popoo hufanya vivyo hivyo. Chai hiyo hiyo huzuia mwili usilipate vyema madini ya chuma yaliyomo katika kunde na mboga. Hatusemi mtu aache chai, maana hakuna atakayetusikiliza. Twasema isubiri saa moja baada ya chakula.

Dawa ya haya yote iko katika baqala ya mtaani. Kwanza ni kunde za kila namna: maharage, choroko, dengu, mbaazi, adesi. Bakuli moja la maharage yaliyopikwa lina kiasi cha robo hadi theluthi ya miligramu. Mbaazi za nazi kwa mahamri, walizokuwa wakila bibi zetu wa Mombasa na Lamu asubuhi, zilikuwa na elimu ndani yake kuliko karak na porota. Karanga na ufuta ni vizuri mno. Unga wa ngano usiochujwa, ule ambao Wahindi huuita atta, hubaki na sehemu kubwa ya vitamini zake, ilhali unga mweupe wa porota huzipoteza isipokuwa zikirudishwa kiwandani. Samaki, mayai na maini vyafaa. Vitabu vya Ulaya husifu sana nyama ya nguruwe kwa thiamini. Wengi wetu hatuili, na kwa kunde hatupungukiwi kitu.

Halafu kuna mchele wa sella. Wasomaji wengi wameuona dukani, wenye rangi ya manjano kidogo, nao hudhani ni mchele duni au wa zamani. Sivyo. Huo ni mpunga uliolowekwa na kupitishwa katika mvuke ungali na kumvi zake, kisha ukakaushwa na kukobolewa. Mvuke huzisukuma vitamini kutoka katika wishwa zikaingia ndani ya punje, na mashine ikija kuikwangua wishwa hukuta mali imekwisha kuhamishwa. Bila kuongezwa kitu, gramu 100 zake huwa na takriban miligramu 0.2, yaani karibu mara tatu ya mchele wa kawaida. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Malaya, Waingereza walishangaa kuona makuli wa Kitamil hawaugui beriberi ilhali Wachina wafanyao kazi kama yao wanakufa. Watamil walikula mchele wa namna hii. Daktari William Fletcher akalijaribu jambo hilo katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kuala Lumpur: kundi moja likala mchele mweupe, jingine likala uliovukizwa. Waliougua na kufa walikuwa wa kundi la kwanza. Kwa hiyo anayeugeukia mchele wa sella kwa pilau yake hana haja ya kuona haya.

WA UGALI NAO WASIJISIFU

Wenzetu wa ugali pengine wamesoma hadi hapa huku wakicheka. Nao wana lao. Niasini iliyomo katika mahindi imefungwa kiasi kwamba tumbo haliwezi kuifungua, labda mahindi yapikwe kwa chokaa kama wafanyavyo watu wa Mexico tangu kale. Mtu asiye na kitoweo cha maana hupata pelagra: ngozi ipigwayo na jua hubabuka, hasa shingoni na mikononi, kisha kuhara, kisha akili kuvurugika. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra zaidi ya 17,000, baada ya karanga kukatika katika posho yao. Posho yenyewe ilikuwa ya mahindi. Karanga ndizo zilizokuwa zikiwalinda, wala hakuna aliyejua mpaka zilipokoma. Tanzania na Kenya zilitunga kanuni mwaka 2011 na 2012 za kuongeza vitamini na madini katika unga usagwao viwandani, lakini pakiti ya unga iuzwayo hapa Dubai yaweza kuwa imetoka kokote, na ni vyema kusoma karatasi yake.

Sasa twafika palipo pazito. Si kila uchovu ni upungufu wa vitamini, wala si kila uvimbe ni beriberi. Miguu huvimba pia kwa maradhi ya figo, ya ini, ya moyo wenyewe, na kwa damu kuganda mguuni. Kwa mjamzito huweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, na hapo hakuna kungoja hata siku moja. Uchovu huletwa na kisukari, na upungufu wa damu, na joto la kiangazi hiki ambalo limewalazimisha wakubwa wa nchi kusimamisha kazi za juani saa 6:30 hadi saa 9:00 mchana, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba. Mwenye kisukari anayemeza metformin kwa miaka huweza kupungukiwa na vitamini B12, naye apaswa kumwomba daktari aipime. Kwa hiyo mgonjwa aende zahanati. Sheria Na. 11 ya mwaka 2013 inamtaka mwajiri hapa Dubai amkatie mfanyakazi wake bima ya afya, na mdhamini kwa watu wa nyumbani. Kadi hiyo si ya kuwekwa mkobani.

Ila tunajua kwamba daktari wa zahanati huona wagonjwa wengi kwa siku, na beriberi si ugonjwa anaoukumbuka upesi. Wale wa Nairobi wenyewe hawakuukumbuka mara moja. Basi mgonjwa amwambie chakula chake bila kuona haya: "Daktari, kwa miezi minne nimekula wali na chai tu." Maneno hayo machache yaweza kuwa na thamani kuliko vipimo vya damu. Ni muhimu zaidi kwa aliyedhoofu sana kabla hajatundikiwa maji ya glukosi, kwa sababu kumwaga glukosi katika mwili usio na thiamini ni kushusha shehena nyingine kwenye gati ambalo tayari limejaa, na hali yake huweza kuharibika ndani ya saa chache. Thiamini hutangulia, au huenda pamoja.

Kuhusu vidonge, thiamini ikizidi mwili huitoa kwa mkojo, wala haina madhara makubwa yajulikanayo. Si hivyo kwa ndugu zake wote. Vitamini B6 ikimezwa kwa wingi kwa muda mrefu huleta ganzi ya mikono na miguu, yaani huiga ugonjwa ule ule ambao mtu alikuwa akiukimbia. Vidonge vingi viuzwavyo kwa jina la "nyurobioni" na mfano wake vina B1, B6 na B12 pamoja, na B6 yake huwa nyingi kupita mahitaji ya siku. Anayevimeza kila siku pasipo kuandikiwa amwonyeshe mfamasia boksi lake, na amwambie amevitumia tangu lini.